Maneno ya Kiganjani

Leeds, 6 Oktoba 1996

Shangazi yangu mpenzi,

Asalaam alaykum. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na Khalti Sabah humo nyumbani mwenu, na kwamba joto la Darsait limeanza kuona haya. Mimi sijambo. Huku baridi imeshaingia na nimelitoa lile koti ulilosema linanifanya kama gunia la mchele. Baba ameniletea faksi kupitia ofisi ya chuo. Salamu nyingi, kisha swali lake lile lile: nikimaliza masomo narudi lini, maana Ghassan, mtoto wa rafiki yake, bado hajaoa. La Ghassan sikulijibu. Nimemjibu habari za mvua.

Mpangaji mwenzangu Hind, yule msichana wa Mombasa, anawasalimu sana. Nimemfundisha kuandika kiganjani, Shangazi. Nimemfundisha vile vile Khalti Sabah alivyonifundisha mimi nilipotoka hospitali na masikio yamezimika, nina miaka saba. Unakumbuka siku ile? Mama analia, Baba anapiga makelele akidhani akizidisha sauti nitasikia. Khalti Sabah, asiyeona, akautafuta mkono wangu, akaniandikia jina langu kiganjani kwa kidole chake, herufi moja moja. Nikajua kwamba bado kuna mtu anazungumza na mimi.

Sasa nije kwenye jambo langu. Naandika hadithi, Shangazi, na ni ya ajabu ajabu, usinicheke. Kuna mji unaitwa Zalufa, na katika mji huo maneno hayapotei. Mtu akisema neno, linageuka kijiwe na kuanguka chini. Salamu ni vijiwe vidogo vyeupe, matusi yana ncha. Barabara zinajaa, kwa hiyo kuna wafagiaji. Mmoja wao ni Tamima, kiziwi, anayefagia maneno ya watu bila kuyasikia. Na kuna Lulua, kipofu, anayejua kuvisoma vijiwe kwa vidole, na mahakama ya mji inamtegemea yeye kujua nani alisema nini. Basi hao wawili wanakutana. Wanazungumza kiganjani, na maneno ya kiganjani hayaanguki. Hakuna wa kuyafagia wala wa kuyahukumu.

Nimekufungia sura nne za mwanzo. Nakuomba usisome peke yako, msomee na Khalti Sabah. Simu hainifai, wajua, kwa hiyo nasubiri barua.

Wako akupendaye,
Maha


Darsait, Oman, 2 Novemba 1996

Mwanangu Maha,

Wa alaykum salaam. Sie wazima, alhamdulillahi. Joto limepungua, ila eisii ya kupoza chumba imeharibika na fundi kila siku anasema bukra, kesho. Jirani yetu Bashayer binti yake kaposwa, na ngazi nzima ya jengo letu haina khabari nyengine. Kaka yangu Nasr, yaani baba yako, kapita Ijumaa kaleta samaki. Kauliza kama nakutia moyo kwa Ghassan. Nikamwambia samaki wake mzuri.

Barua yako tumeipokea Sabah na mie posta ya Ruwi. Wamjua Sabah, sanduku hafungui mtu ila yeye. Analitafuta tundu la ufunguo kwa kidole, anatia mkono, anainusa bahasha, kisha anasema, "Ya Maha." Siku moja akasema hivyo ikawa bili ya umeme, nimemcheka mpaka dereva wa teksi akageuka.

Hadithi yako nimemsomea siku tatu, baada ya alasiri, yeye akichambua mchele. Sasa sikiliza maneno yake, mie nna kazi ya karani tu. La kwanza, huyo Lulua wako umempa kuota mambo ya ghaibu na kujua ya kesho. Sabah anasema umtoe kazi hiyo leo. Anasema, "Mie nimepofuka tangu nna miaka ishirini na sijui hata soksi yangu ya pili iko wapi. Kila kipofu wa hadithi lazima awe mtabiri? Mwambie Maha ampe akili, asimpe uchawi." La pili, Lulua hacheki. Vipofu hucheka, anasema, tena yeye akimsikia Bashayer anapanda ngazi na manukato yake ya kuua mbu hucheka kabla hajapiga hodi. La tatu ni langu mwenyewe: kurasa zote hizo hakuna aliyekula kitu! Watu gani hao? Sabah hata harusini, katikati ya watu na ngoma, huushika mkono wangu akaniandikia, "Umekula?" Mpaka nijibu ndo anatulia.

Lakini pale Tamima anapomshika Lulua mkono mara ya kwanza, Sabah aliacha kuchambua mchele. Akaniambia nirudie. Nikarudia mara mbili.

Msalimie mpangaji mwenzio. Wapangaji wa siku hizi wana adabu, kila barua salamu.

Mie shangazi yako,
Shaikha


Leeds, 1 Desemba 1996

Shangazi yangu,

Baada ya salamu kwako na kwa Khalti Sabah, na pole za eisii. Mwambie Khalti nimemtoa Lulua utabiri, sasa anacheka na anapenda mkate wa ufuta. Tamima anambebea kila asubuhi chini ya fagio. Hind amesoma sura hizo na kusema ameona njaa.

Nina khabari nzuri iliyo na mwiba ndani yake. Nilipeleka hadithi kwa mchapishaji mmoja Nairobi, na amejibu. Ameipenda. Anataka kuitoa kitabu. Lakini ana masharti, nakuandikia kama alivyoniandikia. Mwishoni Lulua afumbuke macho, na Tamima afunguke masikio. Na atafutwe kijana mwema aoe mmoja wao, "kwa sababu wasomaji watauliza hawa wanawake wawili ni nini."

Nimekaa na swali hilo, Shangazi. Ni nini? Najua ninachotaka kujibu, lakini siku zote nimekuwa mwoga, na kitabu nakitaka. Mchapishaji anataka jibu kabla ya mwisho wa Februari. Wewe ndiye uliyenilea zaidi ya mtu yeyote, wewe na Khalti. Utakalosema nitalifanya.

Nasubiri.
Maha


Darsait, 4 Januari 1997

Mwanangu Maha,

Salamu zote, na Ramadhani hiyo inakuja, Mungu atufikishe. Tumeshanunua ngano ya boko boko. Eisii imetengenezwa, ila sasa inapiga kelele kama mashine ya kusaga. Sabah ana kikohozi kidogo. Vumbi tu, na daktari kampa dawa, usitie wasiwasi.

Umeniuliza, nami nakujibu kama mkubwa wako. Mponye, muoze, kitabu kitoke. Watu hawapendi kuachiwa maswali mkononi. Mtu akikuuliza hawa ni nini, mpe mchumba mmoja, atatosheka, ataondoka. Mie nimeachika nna miaka kumi na tisa, ukubwani nikaja Oman na sanduku moja na rafiki mmoja, na kila aliyeniuliza kitu nilimpa kahawa. Nimeishi vizuri tu.

Hayo ndo yangu. Nimemsomea Sabah nilipomaliza kuandika, akanuna. Kisha akaniambia nichukue kalamu, na haya ni yake, sijatia wala sijapunguza:

"Maha, mie Sabah. Shangazi yako muoga, na wewe umerithi. Usimponye Lulua. Watu wote wananiombea macho, miaka yote, hata wasionijua, wananishika kichwa sokoni wakanisomea dua. Hakuna aliyeniuliza kama nna shida nayo. Mie chai napika, njia ya posta naijua, na jioni nna mtu wa kunisomea. Nikiona leo, nani atanisomea? Na huyo kijana wa kuoa atakaa wapi? Nyumba yao ina vyumba viwili na kimoja kina mchele."

Ndo hivyo. Jumamosi tulikwenda Qantab na gari ya Bashayer. Sabah kakaa ufukweni anaokota vijiwe, kila kimoja anakigusa na kunitafsiria. "Hiki kilisema niazime kisu. Hiki muongo." Kimoja alikishika muda mrefu, nikamuuliza kimesema nini, akakitia mfukoni akasema hicho chake mwenyewe.

Fanya upendavyo. Mie nimeshasema.
Shaikha


Leeds, 20 Februari 1997

Shangazi yangu na Khalti yangu,

Idi njema iliyopita, ingawa imechelewa kama salamu zangu zote. Hind alipika pilau, jirani zetu Waingereza wakaja kuuliza harufu hiyo ni ya nini, tukawalisha. Natumai kikohozi cha Khalti kimekwisha.

Nimeamua. Sikuwaponya, na kijana wa kuoa sikumwingiza. Nimeandikiana na mchapishaji mara nyingi mpaka tumekubaliana katikati. Lulua atakufa. Vijiwe vya fitina vinarundikana mpaka ukuta wa mji unataka kuanguka, naye anaingia chini ya rundo, anakitafuta kwa vidole kijiwe cha uongo wa kwanza na kukitoa. Mji unaokoka, yeye anafukiwa. Tamima anabaki na fagio lake. Mchapishaji anasema msomaji atalia, na msomaji akilia hataki tena kuuliza hawa walikuwa nini.

Nadhani ni mwisho mzuri, wa heshima. Sura hiyo nimeifunga humu. Msomee Khalti, na uniandikie alichosema, hasa juu ya ukurasa wa mwisho. Nina hofu naye kuliko mchapishaji.

Maha


Leeds, 27 Aprili 1997

Shangazi,

Idi nyingine imepita na sijapata barua yako. Nilimpelekea Baba faksi. Kajibu, "Shangazi yako mzima, magoti tu, hatoki." Kisha Ghassan. Hakutaja kitu juu ya Khalti Sabah, nikaona basi wote salama.

Pole na magoti. Mchapishaji anataka kuanza kupanga kurasa, nimemwambia asubiri kidogo. Siwezi kuiachia sura ile kabla sijajua Khalti kasemaje. Hind ananicheka. Anasema mwandishi mwenye wahariri wawili Darsait hatafika mbali.

Niandikie hata mistari miwili.
Maha


Leeds, 8 Juni 1997

Shangazi mpenzi,

Silali vizuri. Kila nikifika mlangoni natazama chini ya tundu la barua. Nimefikiri sana na naona huenda nimewakosea. Huenda niliandika kitu ambacho nyinyi wawili mlikuwa mmekiweka mahali pake, nami nimekitoa nje na kukipa majina ya watu wengine. Kama ndivyo, nambie. Nitaichoma hadithi yote, wala sitauliza kwa nini.

Ila msininyamazie. Katika nyumba ile nyinyi tu ndio mlikuwa mnazungumza na mimi.

Maha


Darsait, 10 Julai 1997

Mwanangu Maha,

Wa alaykum salaam. Joto kali, lami ya Ruwi inashika viatu. Binti wa Bashayer kaolewa. Mie sikwenda harusini, na Bashayer hanisemeshi, tukikutana kwenye ngazi anatazama ukuta. Baba yako mzima.

Juzi nimekwenda posta. Nimekuta barua zako tatu zimelala juu ya mabili. Ufunguo nilikuwa nao mimi, lakini nimesimama mbele ya lile sanduku mpaka mtu wa nyuma akaniuliza kama nimesahau namba.

Sabah hayupo, Maha. Kifua. Alifariki wiki ya mwisho ya Februari. Lile vumbi halikuwa vumbi, na mie nilijua, na yeye alijua kuwa najua. Baba yako alikuja maziko, kakaa na wanaume, kala halwa, karudi dukani. Hakukwambia. Usimkasirikie. Kwake yeye Sabah alikuwa mgeni wa dada yake, mgeni wa miaka ishirini na tano, na mtu haandikiwi Ulaya kuwa mgeni kafa. Majirani walinipa pole siku moja. Siku ya pili wakaniuliza kama chumba nitakipangisha.

Nimemuosha mwenyewe. Hilo hakuna aliyeninyima.

Baada ya hapo nilikuwa ndani. Magoti, niliwaambia. Nguo zangu za rangi nilizitia sandukuni, nikawa na ile nyeupe tu. Udi sikuchoma, wanja sikupaka. Sikutoka hata kwa Bashayer hapo chini. Wiki iliyopita nikaoga, nikachoma udi peke yangu, nikatoka. Magoti yamepoa.

Sura yako nimeisoma. Nimeisoma kwa sauti, ndo mazoea, nimekaa pale pale na kiti chake mbele yangu. Nilipofika Lulua anafukiwa nikamgeukia nimuulize anasemaje. Maha, mbona umemuua? Nimekasirika, sikufichi. Watu kama hawa kwenye vitabu mbona lazima wapone au wafe? Hakuna anayezeeka? Hakuna anayegombana kwa ajili ya eisii? Mie nimeuona uzee wao. Nimeuona kila asubuhi, na meno yake kwenye kikombe.

Umeandika mwenyewe kuwa maneno ya kiganjani hayaanguki chini. Kweli. Nimeizunguka nyumba hii kutafuta alichoniachia. Kuna gongo lake. Kuna ile soksi ya pili, nimeikuta nyuma ya friji. Kuna kijiwe cha Qantab mfukoni mwa nguo yake, na mie sijui kusoma vijiwe. Ya miaka yote hiyo tuliyoambiana, hakuna hata moja ninayoweza kumuonesha mtu.

Asubuhi ile ya mwisho sauti yake ilikuwa haitoki tena. Akautafuta mkono wangu, akaandika. Nilidhani ananiusia. Ameandika, "Umekula?" Nikamwambia ndiyo. Nimemdanganya.

Basi, naishia hapa.
Shangazi yako


Leeds, 2 Agosti 1997

Shangazi yangu,

Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Nimeisoma barua yako nimesimama mlangoni, kisha nimekaa hapo hapo chini, na Hind aliporudi kazini amenikuta nimeegemea mlango, hawezi kuusukuma.

Sitakuuliza kitu. Nitasema mimi, nawe usijibu ukitaka. Hayakuwa magoti, Shangazi. Nguo nyeupe, hakuna udi, hakuna wanja, mlango hukuuvuka, miezi minne na ushei. Mwanamke hukaa hivyo kwa jambo moja tu. Umemkalia eda Khalti Sabah. Umekaa eda ya mjane, na hakuna aliyekuja kukaa na wewe, na ilipokwisha hakuna aliyekuletea nguo mpya wala aliyekuosha nywele kukutoa. Umejitoa mwenyewe kama ulivyojiingiza. Hilo ndilo linaloniliza mpaka leo, kuliko kifo chenyewe.

Na hili nalo nalisema, kwa sababu Khalti alisema nimerithi uoga na sitaki kuwa nao tena. Hind si mpangaji mwenzangu. Tuna miaka mitatu pamoja. Anaandika kiganjani kwangu kila asubuhi kabla hajaenda kazini, na mwandiko wake mbaya sana. Nampenda. Baba hajui.

Mwisho ule nimeufuta. Mchapishaji ameirudisha hadithi kwa posta, na karatasi ndogo ya kunitakia kheri. Nililia siku moja, nikanyamaza. Hind ameipiga taipu upya kazini kwao, tumeifunga kwa uzi. Nakala ya kwanza ndiyo hii.

Soma mwisho mpya. Rundo la vijiwe linazolewa na mji mzima, watu wote kwa mabeleshi, wala hakuna anayefukiwa. Lulua haoni, Tamima hasikii. Wanazeeka. Wanagombana juu ya mlango unaopiga kelele, ambao anausikia mmoja tu. Kisha siku moja mahakama inawaita, kwa sababu nyumba inataka kuchukuliwa, na Zalufa haitambui jambo lisilo na kijiwe. Hakimu anasema, leteni kijiwe kinachoonesha nyinyi ni nini. Hawana. Miaka yote wameandikiana kiganjani. Basi Tamima, ambaye tangu utotoni hakutoa sauti kwa kuwa watoto walimcheka, anafungua mdomo mbele ya watu wote na kusema. Sauti haina umbo, wengine wanaziba masikio. Lakini kijiwe kinaanguka, kibaya, kizito, kikubwa kama jiwe la kusagia. Lulua anapiga magoti, anakisoma kwa vidole, na anacheka. Wafagiaji wanne wanajaribu kukiondoa. Hakiondoki.

Nimekiandika kwa ajili yako. Msomee Khalti.

Mwanao,
Maha


Darsait, 5 Septemba 1997

Mwanangu Maha,

Salamu zako na za huyo mwenzio nimezipata, na zangu ni nyingi kuliko wino. Joto linaanza kuchoka. Eisii imekufa kabisa safari hii, na mie nimeizika bila matanga.

Kitabu chako nimekipokea. Nimekifungua baada ya alasiri, nikakaa mahali pangu, nikaanza kusoma kwa sauti. Nilikuwa nimefika mahakamani niliposikia mlango. Bashayer. Kumbe kapanda kuja kunigombeza, hasira ya harusi imemjaa mpaka imemwagika. Akasikia nasoma, akadhani nna mgeni. Akakuta nasomea kiti.

Nikamwambia kaa au ondoka, mie namaliza. Akakaa. Nikasoma mpaka mwisho, mpaka wale wafagiaji. Kisha Bashayer akaniuliza swali lile lile la mtu wako wa Nairobi. "Shaikha, hawa wanawake wawili ni nini?"

Nimewapa watu kahawa maisha yangu yote, Maha. Na birika lilikuwepo, limejaa. Nikasema, "Kama tulivyokuwa mie na Sabah. Harusini kwako sikuja kwa sababu nilikuwa eda." Nimelisema kwa mdomo, si kiganjani. Sauti yangu mwenyewe nimeiona ngeni.

Bashayer akainuka, akaondoka. Mlango hakuufunga. Nikajisemea, haya Shaikha, uzeeni umejimaliza, kesho jengo zima litajua. Siku ya pili sikumsikia. Nikawa nategea manukato yake kwenye ngazi kama Sabah alivyokuwa akitegea, na siyasikii. Nikaanza kufikiria nihamie kwa baba yako, nikalia.

Siku ya tatu yakaja, yale ya kuua mbu, na nyuma yake mwenyewe na furushi la nguo kichwani. Hakunisalimu. Kaingia chooni, kafungulia maji, kaniita. Kaniosha nywele zangu hizi nyeupe kwa mikono yake, huku ananigombeza. "Ungeniambia. Mie jirani yako. Nani amekwambia mtu anajitoa eda mwenyewe?" Alileta kanga mpya na halwa ya marashi, na chetezo cha udi kakiweka katikati ya nyumba kwa fujo mpaka tukakohoa wote wawili. Nikamwambia sheria haina eda ya namna hii. Akasema, "Mie sikuja kwa sheria, nimekuja na kanga." Kisha akaniuliza Sabah alimcheka kwa nini kila akipanda ngazi. Nikamwambia kweli. Alicheka, akalia, akasema manukato yenyewe ghali.

Baba yako hajui, na sijui kama nitamwambia. Kijiwe kimoja kwanza. Chengine tutaona.

Jumamosi Bashayer alinipeleka makaburini. Nilichukua kile kijiwe cha Qantab, nikamrudishia Sabah. Kilichosema ni chake mwenyewe, nami sasa sikihitaji, kwa sababu langu nimeshalisema, na Bashayer kalisikia, na wewe umeliandika.

Mwenzio Hind sijamuona lakini namjua. Mtu anayekaa kuandika herufi kiganjani mwa mtu kila asubuhi kabla ya kazi, na mwandiko mbaya, huyo simuulizi ukoo. Mje. Msije kwa zamu wala kwa visingizio, mje pamoja, kitanda chetu kikubwa nitakutandikieni, mie nahamia kwenye chumba cha mchele. Hind atanisomea jioni na wewe utanichambulia mchele. Baba yako akiuliza, nitampa kahawa, kisha tutaona kama moyo wangu unaweza tena.

Sina la kuwauliza nyinyi wawili ila moja, lile la Sabah. Nyosheni viganja vyenu.

Mmekula?

Shangazi yenu,
Shaikha